Mashua Iliyoliwa na Magadi

Wasifu wa marehemu ulisomwa kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha yai, nami nikakasirika pale pale kwenye kiti cha plastiki. Ilikuwa wiki tatu zilizopita, tumekuja kumzika Fundi Gathogo hapa Kitengela, na aliyesimama kusoma alikuwa mpwa wake mmoja aliyetoka mbali, kijana wa suti ya kung'aa ambaye sikuwahi kumwona akimletea mjomba wake hata kikombe cha maji. Alisema marehemu alikuwa "mfanyabiashara mashuhuri, mpenda kanisa na baba wa wengi." Mfanyabiashara! Gathogo alikuwa fundi wa sufuria. Aliziba matundu ya sufuria za watu miaka nenda miaka rudi, ameketi juu ya debe lililogeuzwa, na kama kuna jambo moja ambalo angependa lisomwe mbele ya jeneza lake ni lile la mashua. Nilitazama huku na huku nione kama kuna mwingine anayelikumbuka. Viti vitatu kutoka kwangu alikuwa Njoro, mchomeleaji wa vyuma, sasa mzee mwenye kipara na miwani mizito, naye alikuwa amenikazia macho. Baadaye, tukiwa na sahani za pilau mapajani, akaniinamia. "Nase, hata mimi nilikuwa nangoja waseme ile maneno ya boti."

"Si ungesimama useme?"

"Nisimame niseme nini, na ni mimi niliitoboa?"

Tukacheka mpaka mama mmoja wa kanisa akatugeukia na jicho baya. Basi kwa kuwa mpwa hakusema, na Njoro ana aibu zake, nitasema mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ya nyumbani kwetu Bisil nitayaacha, yana wenyewe na bado wako hai. Nilishuka Kitengela mwezi wa Januari na cheti cha kidato cha nne ambacho hakuna aliyeomba kukiona, nikapata kazi ya kuosha masufuria katika hoteli moja ya barabarani, na Februari haijaisha nilikuwa nalala nyuma ya pazia la maua katika chumba cha Gathogo na mkewe, Mama Wairimu. Yeye ndiye aliyenitoa hotelini. Alinikuta nikisugua sufuria kwa majivu, akasimama akaangalia mikono yangu kwa muda, kisha akasema mzee wake anatafuta mtu asiyeogopa masizi. Chumba chao kilikuwa cha mabati, kimoja, kimegawanywa na lile pazia, na upande wangu ulikuwa pia ghala: sufuria zilizotoboka zimepangwa kutoka sakafuni mpaka darini, ndogo ndani ya kubwa, kila moja na karatasi ya jina la mwenyewe. Nikigeuka vibaya usingizini zilianza kulia zote pamoja. Jioni tulikula githeri, mahindi na maharagwe, na githeri ya Mama Wairimu ilichukua siku nzima kuiva, kwa sababu hakukuwa na magadi katika nyumba ile. Wanawake wengine wote wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga walitia kijiko cha magadi maharagwe yalainike haraka. Gathogo aliyapiga marufuku. "Magadi ikiingia kwa hii nyumba, mimi natoka," alisema kila mara mgeni alipolalamika kuhusu maharagwe magumu. Nilidhani ni ukaidi wa mzee tu. Sasa hivi mimi mwenyewe sipiki na magadi, na watoto wangu wanalalamika vilevile.

Nilijifunza kazi kwa masikio kabla ya mikono. Gathogo alinikabidhi sufuria na kinyundo kidogo, akaniamuru nigonge taratibu kuanzia ukingoni kuelekea katikati, na nisifungue mdomo mpaka nisikie pale inapobadilisha sauti. Alumini nzima hulia. Alumini iliyochoka hujibu kama mtu aliyeamshwa usingizini, na pale ilipochoka ndipo tundu litakapotokea hata kama leo hulioni. Mwezi mzima niligonga tu. Kisha nikafundishwa kukata viraka kutoka kwenye sufuria zilizokufa, kutoboa kwa drili ya mkono, na kugongea vijipini vya alumini, riveti, ambavyo tulivikata wenyewe kutoka kwa nyaya nene za stima. Msumari wa chuma haukuruhusiwa kabisa. Ukiweka chuma juu ya alumini, vitaharibiana mpaka uzibe tena. Kibanda chetu kilipakana na gereji ya Njoro, na Njoro siku hizo alikuwa kijana mrefu mwenye moto mkononi na vijana wa kumshangilia. Walituita "wapishi." Niliwasikia kupitia ukuta wa mabati: "Enda kwa wapishi uulize kama wako na chai." Nilipoona mtu wa Bisil akipita sokoni niliinama nikajifanya natafuta kitu chini ya debe. Nilikuwa naona haya, na nitasema wazi, haya ile ilikuwa kubwa kuliko kazi yenyewe.

Mwaka ule ulianza kwa ukame na ukaisha kwa mafuriko. Mpaka Septemba ng'ombe walikuwa wanapita barabara ya Namanga wakiwa mifupa na ngozi, halafu Oktoba mbingu zikafunguka. Ndipo ikaja lori ya ng'ombe kutoka upande wa Kajiado, ikaegeshwa mbele ya gereji ya Njoro, na badala ya ng'ombe ikashusha mashua. Soko zima lilisimama. Wengi wetu hatukuwahi kuona mashua ila kwenye kalenda. Ilikuwa ya alumini, ndefu kama magodoro matatu yaliyowekwa moja mbele ya jingine, rangi ya samawati imebanduka vipande vipande, na harufu ya zizi. Mwenyewe alikuwa Mzee Parsaloi, mtu mzima wa shuka nyekundu na koti la suti, aliyefanya kazi kule Ziwa Magadi miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi kwa mifugo yake. Pamoja naye alishuka mjukuu wake, Resiato, msichana wa darasa la nane aliyevaa sweta ya shule ingawa ilikuwa Jumamosi.

Mzee alieleza shida yake mbele ya watu wote, kwa Kiswahili cha pole pole. "Kwetu mto imejaa. Daraja imeenda. Watoto kumi na nne wa darasa la nane wako huku, shule iko ng'ambo ile, na mtihani haifiki wiki mbili. Mwalimu anasema wizara haiwezi ngoja mto. Mimi niko na boti. Lakini iko na vitundu."

"Vitundu tu?" Njoro akauliza, akivaa miwani yake ya moto. "Mzee, hiyo ni kazi ya saa moja. Kunywa soda pale, ukimaliza utakuta iko sawa."

Resiato hakwenda kunywa soda. Alibaki amesimama karibu na mashua, mkono juu ya ukingo wake. Nikamsalimu kwa Kimaasai, lugha ya kwetu, "Takwenya," akaitika, "Iko," kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye alishafika darasa la nane mwaka uliopita, akaugua malaria wiki ya mtihani, na hii ilikuwa mara yake ya pili. "Nikikosa tena sirudi mara ya tatu," akasema. "Babu anaweza kubali, lakini mimi siwezi. Nitakuwa mrefu kuliko mwalimu."

Sasa, yeyote aliyefanya kazi ya chuma anajua kwamba chuma hukuonya. Kikipata moto huwa chekundu, kisha cha machungwa, na fundi husoma zile rangi aamue. Njoro alikuwa msomaji mzuri sana wa rangi hizo. Akawasha gesi, akalenga tundu la kwanza, akasubiri wekundu. Lakini alumini haikuonyi. Inabaki nyeupe vilevile, imetulia, inakuangalia, halafu ghafla inaanguka. Kipande cha chini ya mashua kiliteremka kama ugali mwepesi na kumwagika miguuni pake, na pale palipokuwa na tundu la kuingiza sindano pakawa na tundu la kuingiza kichwa. Mzee Parsaloi alirudi na chupa yake ya soda, akachungulia, akaona viatu vya Njoro kupitia mashua yake. Alikaa kwenye tairi akaweka chupa chini. Resiato akageuka, akatazama upande wa barabara ili tusimwone uso.

Gathogo alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda chetu wakati wote huo, mikono nyuma. Akaja taratibu, akazunguka mashua mara moja bila kuigusa. Kisha akalamba kidole, akakipitisha ndani ya mashua, akakionja. Watu wakacheka. Akatema mate. "Mzee, hii boti ilikuwa inafanya kazi gani?"

"Nilinunua kwa mzungu mmoja wa kuhesabu ndege kule ziwa. Nikaleta nyumbani, miaka sita sasa."

"Na nyumbani ilikuwa inafanya nini?"

Mzee akakuna shavu. "Ng'ombe zilikuwa zinakulia chumvi ndani."

"Chumvi gani?"

"Magadi."

Nilihisi kichwa kikiwaka taa. Niliielewa mashua ile kabla Gathogo hajafungua mdomo tena, na sidhani nimewahi kujisikia mwerevu namna ile tangu siku hiyo. Kwetu ng'ombe hulambishwa magadi, na mtu aliyerudi na mashua mahali pasipo na maji angefanya nini nayo kama si hori? Mvua kidogo, mate ya ng'ombe, magadi, miaka sita, na magadi yakilowa hula alumini. Ile haikuwa mashua yenye vitundu vichache. Ilikuwa sufuria kubwa iliyopikiwa maharagwe na wanawake wote wa ploti yetu. "Fundi," nikasema kwa sauti, mbele ya vijana wote wa Njoro, "zile tunaona ni chache. Ziko zingine zinakuja." Gathogo akanitazama kama mtu aliyeokota kitu kizuri njiani. Akamgeukia Mzee Parsaloi. "Umesikia fundi wangu. Nipe siku kumi."

Tuliibeba watu wanane mpaka nyuma ya kibanda. Kazi ya kwanza ilikuwa kuigeuza juu chini, saa sita mchana, jua likiwa limetoka kati ya mvua mbili, na mimi kuingia chini yake nikiwa na konzi ya miiba ya mgunga. Kila palipopenya mwanga nilichomeka mwiba kutoka ndani. Nilijua nimepata tundu kwa mwanga, na Gathogo nje alijua kwa mwiba. Nilipotoka nikijifuta jasho, mgongo wa mashua ulikuwa umeota miiba kama nungunungu, na wamama wa mboga walikuwa wamekuja kushangaa. Tulihesabu arobaini na tatu. Baada ya hapo vinyundo. Siku mbili nzima tuligonga mashua ile kila inchi, yeye akianzia mbele na mimi nyuma, tukichora mduara wa chaki kila sauti ilipochoka, na tulipokutana katikati miduara yangu ilikuwa mingi kuliko yake. Akarudi akagonga upya kwake kimya kimya, akaongeza mitatu. Hakuwahi kuniambia ile mitatu ilikuwa ni nini. Nilijua ni ile ambayo masikio yake yalikuwa yameikosa.

Kisha tukaanza kuziba. Tundu dogo la peke yake tulilitoboa liwe duara safi, tukaingiza riveti yenye kichwa kipana na gundi ya kuchanganya chini yake, mimi nikishikilia kipande cha reli ndani kupokea pigo la nyundo na yeye akigonga nje. Mahali matundu yalipokaa kama ukoo tuliweka kiraka kimoja juu ya yote. Kiraka cha tundu la Njoro kilitoka kwenye sufuria ya harusi, ile ya kupikia watu mia tatu, ambayo kamati ya kanisa ilikuwa imetuachia kwa vile ilishakufa. Mama Wairimu alituletea chakula pale pale, viazi na kabeji, akitulisha karibu kama watoto kwa sababu mikono yetu ilikuwa na gundi. Kupitia ukuta nilisikia gereji ikinong'ona, na safari hii hakuna aliyesema habari ya wapishi. Siku ya nne Njoro mwenyewe alikuja, akasimama. "Fundi, naweza saidia na nini?" Gathogo aliendelea kugonga mpaka riveti ikalala vizuri. "Kwa mto hakuna daraja," akasema. "Tengeneza nguzo mbili za chuma na pete, na utafute kamba ndefu ya waya. Hii boti haitapigwa kasia na watoto, itavutwa." Njoro akatoka mbio. Wakati mwingine mtu huhitaji kupewa kazi yake tu.

Siku ya sita Gathogo alikwenda Nairobi kutafuta rangi, ile ya kwanza inayoshika alumini na ile ya juu, akalala huko kwa sababu ya mvua. Mimi nikabaki na mashua iliyozibwa, yenye mabaki ya rangi ya samawati, na hamu kubwa ya kumfurahisha. Nilitaka aikute inang'aa. Na mimi nilijua njia moja tu ya kung'arisha alumini, ile niliyoijua tangu utotoni na ambayo Mama Wairimu aliniokota nikiifanya: majivu. Nilichota ndoo mbili za majivu kwa hoteli yangu ya zamani, nikayalowesha, nikaipaka mashua nzima ndani na nje, nikayaacha yalale mpaka asubuhi ili rangi ya zamani ilegee. Nilienda kulala nikijisifu. Asubuhi nikasugua, nikasuuza, na kweli ilimeta kama sahani ya bibi harusi.

Gathogo alirudi saa nne, mikebe ya rangi kwenye gunia. Alitabasamu alipoiona. Kisha akalamba kidole chake, akapitisha, akaonja, na tabasamu likaondoka. "Uliosha na nini?"

Ningeweza kusema sabuni. Nimefikiria mara nyingi ni maisha gani ningeishi kama ningesema sabuni. Angepaka rangi, ingeshika siku mbili tatu, halafu ingevimba na kubanduka huku chini yake alumini ikiendelea kuliwa, watoto wakiwa juu ya maji. "Majivu," nikasema. "Yalilala usiku."

Akaketi juu ya debe lake. "Nase. Jivu na magadi ni mtu na dada yake. Tumetoa mmoja, wewe umerudisha mwingine, na ukamtandikia kitanda." Hakupaza sauti, na heri angepaza. Aliinuka akaenda kunywa chai, nami nikaingia chini ya mashua na miiba. Kulikuwa na matundu saba mapya. Nililia kule ndani, nikichomeka miiba, na siku nne zilikuwa zimebaki. Nilikuwa nikimwona Resiato na sweta yake, mrefu kuliko mwalimu.

Aliporudi nilidhani atanituma nyumbani. Alikuja na Mama Wairimu, na Mama Wairimu alikuja na wamama wa mboga watano, na wamama wa mboga walikuja na ndimu zote za soko la Kitengela. "Uchachu ndiyo inatoa hiyo kitu," Gathogo akasema. "Kamua." Tulikamua mpaka vidole vikawasha. Tuliosha mashua kwa maji ya ndimu, tukasuuza kwa maji ya mvua, ndimu tena, mvua tena, naye akionja kila mara na kutikisa kichwa, mpaka jioni akaonja akasema, "Sasa ni ya kunywea uji." Kisha akanipa kinyundo chake mwenyewe, kile cha mpini uliolika, ambacho hakuwahi kumpa mtu. "Hizo saba ni zako. Mimi sigusi." Nilitoboa, nikakata, nikapaka gundi, nikagongea. Mama Wairimu alishikilia kipande cha reli ndani. Gathogo alikaa ametupa mgongo, akizungumza na watu kuhusu bei ya mahindi, na hakugeuka kuangalia hata mara moja. Tuliposimamisha mashua juu ya matairi na kuijaza maji, nilitambaa chini yake kwa magoti, nikipapasa kila riveti kwa kidole. Zilikuwa kavu. Zote. Nilisimama nikapiga kelele hata gereji nzima ikatoka kuangalia, na sikuinama wala kujificha kwa mtu yeyote, wa Bisil au wa wapi. Siku mbili baadaye ilikuwa na rangi ya kijani, kwa sababu kijani ndiyo Gathogo aliyopata.

Tuliifikisha mtoni Jumatatu, siku moja kabla ya mtihani. Nilikuwa nimeuzoea mto ule ukiwa mchanga mtupu ambao mbuzi huvuka bila kulowesha kwato. Sasa ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, umebeba matawi, unanguruma. Njoro alikuwa ametangulia; nguzo zake zilisimama imara pande zote mbili, ya ng'ambo ikiwa imevutwa kwa kamba na kusimikwa na mwalimu, na waya ulikuwa umekazwa. Wazazi walijaa ukingoni. Hakuna aliyesogea. Mama mmoja akasema kwa Kimaasai, bila kujua naelewa, au labda akijua, kwamba yeye hamweki mtoto wake ndani ya sufuria.

Katika kazi yetu kuna desturi: chai ya kwanza kupikwa katika sufuria iliyozibwa hunywewa na fundi, mwenyewe akiwa anatazama. Gathogo akavua viatu. Alizaliwa mlimani, hakujua kuogelea, na maji yale aliyaogopa kuliko kitu chochote. Nikamshika mkono. "Fundi, matundu ya mwisho yalikuwa yangu. Hii chai ni yangu." Mimi pia sikujua kuogelea. Niliingia, nikashika waya, nikajivuta. Mashua iliruka ikatulia, ikaruka ikatulia, maji yakipiga ubavu wake, na macho yangu hayakutoka kwenye zile riveti saba hata nilipogonga ukingo wa ng'ambo. Nikajivuta nikarudi. Yule mama wa sufuria ndiye aliyekuja kunipokea. Aliingiza mkono ndani, akapapasa chini, akautazama mkono wake. Kisha akageuka akamwita mtoto wake.

Kesho yake alfajiri tuliwavusha wanne wanne, Njoro akivuta huku na mwalimu akivuta kule, mimi ndani na kila kundi. Resiato alikuwa wa kundi la mwisho, kalamu mbili na rula ndani ya mfuko wa nailoni alioushika kwa mikono miwili. Alishuka ng'ambo hajalowa hata soksi. Hakuniaga. Alipanda kilima mbio kwa sababu kengele ilikuwa inalia, na nikamwona akiingia darasani, na mlango ukafungwa nyuma yake. Niliketi kwenye nyasi nikalia tena, kilio kizuri hicho, cha kelele. Siku tatu tuliwavusha asubuhi na kuwarudisha jioni, kumi na wanne, na siku tatu walikuwa kumi na wanne. Siku ya pili gogo liligonga mashua ubavuni, likatuacha na bonde la ukubwa wa bakuli. Nikaligonga likatoka, palepale, watoto wakingoja na kunihimiza.

Siku ya tatu jua lilitoka kali. Resiato alivuka wa kwanza kurudi, akimwambia kila mtu swali la mwisho lilikuwa rahisi, akiimba majibu. Wote walipokwisha kushuka, na wazazi wakiwa wamewazunguka, Mzee Parsaloi aliingia mashuani peke yake. Alipiga magoti. Tulimwona akipapasa chini kutoka mbele mpaka nyuma, polepole, akiingiza vidole kwenye kila kona. Gathogo alikuja akasimama karibu nami. Mzee akainua kiganja chake juani. Kilikuwa kikavu. Tope la viatu vya watoto lilikuwa limekauka.

"Fundi," akaita, na alikuwa ananiangalia mimi, si Gathogo. "Boti yako iko na vumbi."